Jina la Mwisho kwenye Orodha

Paili alibeba kosa la Ittoop miaka kumi na miwili. Siku aliyochagua kulitua ilikuwa Jumapili asubuhi, wageni wakiwa sebuleni.

Siku ya kosa walikuwa wamelewa tembo wote wawili. Ittoop ndiye aliyeshika usukani wa gari la jipi, akaparamia kibanda cha Mtakatifu Joji pale njia panda, sanamu ikawa vipande. Ittoop alikuwa na jina la kulinda. Paili alikuwa mgema tu wa utomvu wa mpira shambani mwake, akaambiwa aseme ndiye aliyeendesha, akakubali. Parokia ikamtenga, mke akarudi kwao, naye akazidi kunywa. Ittoop akawa mdhamini wa kanisa, na kila sikukuu ndiye anayeshika mwavuli wa hariri juu ya sanamu mpya.

Sasa Paili alikuwa na miezi kumi na minne hajaonja. Kila Jumanne alikaa na walevi wenzake nyuma ya shule, wakizipanda hatua kumi na mbili za kuacha pombe, moja baada ya nyingine. Kwenye hatua ya nane unaandika majina ya uliowakosea. Kwenye ya tisa unawaendea kuwaomba radhi. Jina la kwanza aliloandika lilikuwa la Ittoop. Divakaran, tarishi mstaafu aliyekuwa akimwongoza, alilitazama sana.

"Huyu ulimkosea nini?"

"Nilimfichia uongo wake."

"Ndugu yangu, radhi hiyo ina meno. Hatua inasema usiende kama utaumiza watu."

"Sikuja kuomba ruhusa."

Akangoja mpaka aliposikia kuna watu wa mji wa Pala wanamleta kijana wao kumwona Rosamma, binti wa Ittoop, kwa ajili ya posa. Siku hiyo akanyoa, akajifunga shuka nyeupe kiunoni, akaenda.

Ittoop alipomwona mlangoni alicheka kwa ajili ya wageni, akasema huyu ni mgema wao wa zamani, apewe chai kule jikoni. Paili hakusogea. Alisema kwa upole, kama mtu anayesali:

"Kaka Ittoop, nimekuja kukuomba radhi. Nilisema mimi ndiye niliyemvunja mtakatifu, na aliyekuwa anaendesha ni wewe, umelewa mpaka umejikojolea. Nisamehe kwa kukusaidia kudanganya kanisa."

Baba wa kijana aliweka kikombe chini, akauliza kama ni kweli. Mdomo wa Ittoop ulifunguka, ukafumbwa, ukafunguka tena. Paili aliutazama mdomo ule asiache hata kidogo. Hakuna glasi iliyowahi kumpa utamu kama ule.

Wageni waliinuka. Walimpita Rosamma aliyesimama na sinia ya chai, asmini kichwani, bila hata kumwangalia. Binti akamgeukia Paili.

"Mjomba, umelewa?"

"Hapana, mwanangu."

"Afadhali ungekuwa umelewa."

Jumanne, kabla mkutano haujaanza, Paili alilikata jina la Ittoop kwa mstari mnene, na hakujuta. Kisha chini kabisa akaandika Rosamma. Divakaran alisoma, akamsogezea chai.

Kila jina lingine kwenye karatasi ile lilikuwa na tembo la kulaumiwa. Hilo la Rosamma halikuwa nalo.