Ukuta wa Njia ya Ufukweni

Meneja wa hoteli alimwajiri fundi mwashi aizibe kwa ukuta njia pekee ya wanakijiji ya kushuka jabalini hadi ufukweni. Wageni, alisema, hawapendi kupishana na watu wenye ndoo za samaki. Fundi alijenga siku tatu, ukuta ukanyooka, lakini katikati akaacha uwazi wa upana wa mlango.

"Hapo umesahau," meneja alisema.

"Sijasahau. Hapo anapita mama yangu."

"Ziba, au uondoke!"

Fundi akaosha mwiko wake, akaondoka kwa kupitia uwazi uleule.

Meneja alizunguka kijiji kizima akitafuta fundi mwingine. Wote walidai kazi zimewafika shingoni. Mama bado anapita hapo, ndoo kichwani, akiwasalimia wageni kwa sauti kubwa.