Alama za Meno ya Emmett

Baba haoni tena, lakini bunduki anazitazama. Hunyoosha mikono juu ya meza na kumwambia mwenye bunduki, "Naomba niione, kama hutajali." Nao humpa, maana humu maonyeshoni hata mwenye kiburi ana adabu hii: bunduki ya mtu haiguswi bila ruhusa, na kabla ya kuirudisha unaifuta kwa kitambaa, jasho la kiganja lisije likaacha kutu.

Kila Machi tunakuja kwenye maonyesho haya, katika banda ambamo kiangazi hushindanishwa ng'ombe. Jimbo zima la Montana, nadhani, hupita humu. Polisi wa mlangoni hufunga kila silaha kwa ukanda wa plastiki, kisha watu wanamwagika mezani kutafuta bunduki za Winchester za kale, zile zenye wenzo chini ya kifyatulio, unaousukuma na kuurudisha ili risasi nyingine ipande. Wengi wanatafuta fahari. Baba anatafuta moja tu, na mimi, Arlys, bintiye, ndiye macho yake.

Ilikuwa ya babu yake. Siku moja alikuwa akiisafisha, tupu, imelala magotini, mdogo wangu Emmett akaja akitambaa, akakiuma kitako cha bunduki. Alikuwa anaota meno. Baba akacheka, akamwacha aume. Zikabaki alama nne kwenye mti ule. Majira ya baridi yalipofika, homa ya uti wa mgongo ikamchukua Emmett. Mama alichoma nguo zake zote, na bunduki akampa mchuuzi mpita njia wakati baba yuko malishoni. Baba hakumgombeza hata mara moja, hadi tulipomzika mama. Mimi alinikaririsha tu namba iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki ile, kama wenzangu walivyokaririshwa sala.

Mtafutaji hachoki, wanasema, akichoka keshapata. Uongo mtupu. Mimi nilichoka zamani.

Mwaka huu nilimwacha baba kidogo kwa mwanamke anayeuza mkate wa tufaha, nikatangulia. Kwenye meza ya bwana mmoja, Delbert Voss, ilikuwapo moja inayong'aa mno. Nikaomba, nikaigeuza. Namba ilikuwa imesuguliwa hata kidole kisingeisoma, lakini jicho liliisoma. Nane, moja, saba, nne, sita.

Ndiyo ile niliyokaririshwa. Nikakigeuza kitako upande wa pili. Kilikuwa laini kama kijiko.

"Nzuri, eh?" Delbert akasema. "Ungeiona nilivyoipata! Kitako kina vishimo, utadhani panya kakiguguna. Nikaweka kitambaa kibichi, nikapiga pasi ya moto. Mti ukavimba, vishimo vikapanda vyote. Halafu msasa. Chuma nacho nikakitia rangi mpya."

"Umeiogesha mpaka imesahau jina lake!" jirani yake akamtania kutoka meza ya pili. "Wewe Delbert, ukipewa bibi yako utampiga pasi."

"Nyamaza, mla kutu wewe."

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini macho yake yalijaa furaha ya mtu aliyefanya kazi kwa mapenzi, na hilo liliniumiza zaidi.

"Arlys?" Fimbo ya baba ilikuwa inagonga sakafu nyuma yangu. "Umenyamaza. Umeona nini?"

Naye alikwisha kunyoosha mikono. Delbert akampa.

Baba akaipima uzito. Akaushusha wenzo kadiri ukanda ulivyoruhusu, akausikiliza. Uso wake ukabadilika, nikaona alivyokuwa kijana. Kisha vidole vikateremka kwenye kitako, polepole, vikarudi, vikateremka tena.

"Uzito ndio huu," alisema. "Lakini yangu ina meno ya mtoto. Mwanangu aliiuma kabla hajafa. Hapa hivi, manne." Akaweka vidole pale pale. "Hatuna kingine chake."

Delbert akafungua mdomo. Rangi ilimtoka usoni kama maji.

"Nisomee namba, binti."

"Nane, moja, saba..." Vidole vya baba vikakaza. Nikamalizia, "Tatu, mbili."

Akashusha pumzi. "Afadhali! Nilishaogopa kwamba mtu kazifuta zile alama." Akatabasamu kuelekea aliko Delbert. "Nimekuwa mjinga, bwana. Atakayeziona atajua tu ni za mtoto. Nani atafuta meno ya mtoto?"

Delbert alinitazama. Nilimtazama vilevile, na sikumhurumia.

"Hakuna, mzee wangu," akasema kwa sauti iliyokauka. "Hii yangu haijawahi kuumwa na mtu."

Baba akatoa kitambaa mfukoni, akaifuta kitako na mtutu, kwa uangalifu, kama kitu cha mgeni. Akairudisha. Delbert hakuiweka tena mezani. Aliilaza chini, nyuma ya miguu yake, akaifunika kwa koti.

Nilimshika baba mkono. Nilikuwa nimepata, na nilikuwa naondoka mikono mitupu, na machozi nilipaswa kuyalia bila sauti kwa sababu masikio yake bado ni mazima.

"Usichoke, binti," akasema baba, akinibana kiwiko. "Ipo mahali. Nipeleke meza inayofuata."

Nikampeleka.