Kikombe cha Mwisho wa Safu

...na asitazame kule mwisho, atazame trei tu, vikombe vidogo vya kioo vimekaa kwenye vitundu vyake kimya kama mayai, amevijaza mwenyewe asubuhi kule chumba cha nyuma bila kumwaga hata tone, divai ikimwagika sasa kwenye joho hili jeupe la uzee wa kanisa shangazi atapata la kusimulia wiki nzima, taratibu basi, mchungaji ametangulia na mkate, anainama, ananong'ona, anasogea, na yeye anafuata nyuma na trei, "Kikombe cha agano jipya, kwa ajili yako," amemwambia dereva mstaafu, ambaye kila mara hufumba macho na kuachama kama anayesubiri kung'olewa jino, "kwa ajili yako," amemwambia muuguzi, na safu bado ni ndefu, magoti yamepangana kwenye mto mwekundu uliochakaa, na kule mwisho kabisa, karibu na ukuta, amepiga magoti mtu mwenye kitambaa cha bluu kichwani, hana haja ya kumwangalia ili ajue ni nani, mabega yale aliyabeba mgongoni mwake yangali madogo... Kasuku, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyepewa jina hilo kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena, shangazi ndiye aliyekuja mbio chumba cha nyuma kumpa habari, "Kasuku yumo, tena kakaa mbele, wala uso haujamshuka," akasema kwa utamu wa mtu aliyebeba habari mbichi, kisha akasimama pale mlangoni kuona habari inavyoingia, na yeye akaendelea kujaza vikombe, kimoja baada ya kingine, akasema tu kwamba kanisa ni la Mungu shangazi, si la mtu, maneno mazuri kabisa, yangeweza kutoka mdomoni mwa mtu mwema... "kwa ajili yako," amemwambia mwalimu wa kwaya... lakini moyoni alikuwa akijibu kitu kingine, alikuwa akisikia sauti yake mwenyewe ya siku ile baada ya mazishi ya mama, Kasuku kasimama mlangoni na mkoba wake, kachelewa hata kaburi limeshafunikwa, na ndugu wote wameketi wanatazama, na yeye akasema mbele yao, "Hata maji ya kunywa, mkononi mwangu hutayapata tena," na hakuna aliyemwambia nyamaza, kwa sababu wote walijua ni nani aliyemgeuza mama kitandani miaka yote ile ya kiharusi, nani aliyemlisha kwa kijiko, nani aliyefua mashuka, na nani aliyekuwa akipiga simu kutoka mbali, analia, "Dada, siwezi kumwona mama akiwa vile, nitavunjika," yeye akashika simu kwa vidole vyeupe vya vumbi la mawe ya makaburi anayochonga, akawaza, haya, vunjika wewe, mimi nimeumbwa kwa jiwe... na sasa hii hapa trei, na si maji, afadhali ingekuwa maji, maji ni yake, angeweza kuyanyima, hiki si chake, hawezi kumnyima mtu kitu kisicho chake, wala hawezi kumpa, anakibeba tu, kama anavyobeba jiwe la mtu hadi makaburini, jiwe lina mwenyewe, jina lina mwenyewe, yeye ana tindo na nyundo na maumivu ya kiwiko... lakini yale maneno atayasema vipi, kwa ajili yako, hayo hayawezi kubebwa na mkono peke yake, hayo yanapita kooni... "kwa ajili yako," amemwambia bwana harusi wa mwezi uliopita, na mkewe akachukua kikombe kwa haraka mno kikagonga jino, wakataka kucheka, wakajizuia... jiwe, ndiyo, alilichonga lile la amri kumi lililopachikwa ukutani pale nyuma ya mimbari, herufi baada ya herufi, na alipofika kwenye ile ya kuwaheshimu baba na mama mkono wake uliingia raha, tindo likaenda lenyewe, kila herufi alikuwa akimchongea Kasuku, na hivi sasa ndipo anaona, huku amesimama na trei, kwamba maandishi ya jiwe yana tabia hiyo, yako nje, mtu anaweza kusimama kando yake akamnyooshea kidole mwingine, soma hapa, hapa, wewe umevunja hapa, na jiwe halimsaidii aliyevunja wala halimbadilishi aliyechonga, alichonga wema mwaka mzima na jioni akarudi nyumbani na moyo ule ule, mkavu, una vumbi... ndiyo maana mchungaji alisema Jumatano, kwenye darasa la wazee wa kanisa, kwamba manabii waliahidi agano ambalo litaandikwa ndani, moyoni, na yeye kama fundi akawaza papo hapo kwamba Mwenye kuandika huko anapata shida gani, maana ili uandike kwenye kitu lazima ukifungue uso wake, ukikwangue, na moyo ukikwanguliwa unatoka damu, na hakusema, aliogopa kucheka kwa fundi cherehani, mzee mwenzake, ambaye hachelewi kuuliza, naye ndiye aliyeuliza siku ile, mchungaji akiwa ameeleza kwamba zamani watu wakifanya agano walipasua mnyama vipande viwili wakapita wote wawili katikati, kama kusema haya yanipate nikivunja, lakini usiku ule wa yule mzee aliyeahidiwa uzao kama nyota, mzee alilala usingizi mzito, na kati ya vile vipande moto wa Mungu ulipita peke yake, upande mmoja tu ndio uliojifunga, fundi cherehani akavua miwani, "Sasa mchungaji, upande wetu tunaleta nini?" na mchungaji akajibu, "Sisi tulileta kuvunja," wakacheka wote, na yeye alicheka pia, akiwaza hao wanaovunja, akiwaza mkoba mlangoni... "kwa ajili yako," nani huyu, ah, mwuza mboga wa pale kona, mikono yake inanuka vitunguu hata Jumapili... peke yake, moto ulipita peke yake, na aliyeahidiwa amelala, hakusaini, hakusimama, hakushika hata tochi, na yule aliyepita ndiye aliyekuja kupasuliwa mwisho, msalabani, ingawa si yeye aliyevunja, hiki kilichomo ndani ya vikombe ndiyo maana yake, anakibeba kwa mikono miwili tangu alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, amekifutia vumbi, amekipanga, amekilalamikia kuwa kidogo hata kuku hakimkati kiu, na hajawahi kukiogopa mpaka leo... kwa nini leo... kwa sababu ya mama, ndiyo, hilo alilokuwa akilizunguka tangu asubuhi, mama miezi ile ya mwisho alipopotewa na kumbukumbu, akiogeshwa, akipakwa mafuta miguuni, alikuwa akiushika mkono uliokuwa ukimwosha akaubusu na kusema, "Asante, Kasuku wangu, nilijua hutaniacha," kila siku, Kasuku wangu, na yeye mwenye mkono akaminya kitambaa maji yakadondoka na hakusema mama mimi siye, mara ya kwanza alisema, mama akatahayari, akaanza kulia kama mtoto aliyepotea, basi akaacha, akajibu ndiyo mama, niko, na jioni akaketi karakana akapiga jiwe mpaka likapasuka, kwa sababu hakuna wizi kama ule, kazi yake, mgongo wake, usingizi wake, na shukrani zote zimeandikwa jina la mtu ambaye hata hakuwepo... mmoja amefanya, mwingine amehesabiwa... na hapa miguu yake inasita, trei inasita, vikombe vinagusana kidogo, cheng'e, mchungaji anageuka kumtazama, siyo kitu mchungaji, endelea... mmoja amefanya, mwingine amehesabiwa, lakini hiyo si ndiyo habari yenyewe, hiyo ndiyo aliyokuwa akiinong'ona kwa kila mtu tangu mwanzo wa safu bila kujisikia, yuko aliyetii mpaka mwisho, na Baba anaushika mkono uliochoka wa huyo akalitaja jina la mwingine, anakuita wewe, nilijua hutaniacha, na wewe hukuwepo, ulikuwa mbali, ulisema siwezi kumwona akiwa vile... na tofauti ni kwamba mama alisahau kwa ugonjwa, huyu anasahau kwa kuamua, yeye asiyesahau hata idadi ya mchanga ameahidi kutokumbuka dhambi zetu, amejifunga kwa hilo, Mungu amejifunga, mtu aliwazeje jambo kubwa hivi akiwa amesimama, kwa nini watu hawaanguki kifudifudi, kwa nini dari imetulia... na yeye miaka yote alidhani katika habari ile yuko upande wa yule aliyeosha miguu, kumbe mbele ya huyu yeye ndiye mwenye mkoba, ndiye aliyechelewa, na jina lililoitwa kwa upendo hakulifanyia kazi hata siku moja... "kwa ajili yako," amemwambia fundi cherehani, na sauti imetoka ya ajabu, mzee amefumbua jicho moja kumwangalia, akalifumba.

Wamebaki wawili, bibi wa nyumba ya jirani na Kasuku, na hapo ndipo anakumbuka kitu ambacho kingemfanya akimbie laiti angekikumbuka kule chumba cha nyuma, utaratibu wa kanisa lao, kwamba mbeba kikombe hajinyweshi mwenyewe, hakuna mtu anayejitwalia, akifika mwisho wa safu yule aliyepiga magoti mwisho anainuka, anaipokea trei, na mbeba kikombe anapiga magoti palepale alipotoka yule, anangoja apewe, siku zote mwisho wa safu hukaa mtu yeyote, hajawahi kulitilia maanani, na Kasuku huenda hakumbuki, ameondoka siku nyingi, itabidi amnong'oneze, Kasuku, inuka, shika hii, nipe na mimi, na anayatafuta maneno hayo anayaona mageni, maana maisha yake yote amempa Kasuku, alimpa mgongo, alimpa viatu vyake vilipombana, alimpa lawama, lakini kumwomba hajawahi, nipe, neno dogo kiasi hicho, na yule mdogo atasimama juu yake akiwa na trei, atamtazama kutoka juu, na itabidi aseme kwa sauti yake ile isiyonyamaza kwamba ni kwa ajili yako, dada, na yeye atakuwa hana cha kuleta isipokuwa kiu... "kwa ajili yako," amemwambia bibi, na bibi amekunywa polepole, amekirudisha kikombe kitupu kwenye kitundu chake, na mchungaji ameshampa Kasuku mkate na anasogea kando, na kitambaa cha bluu kimeinama, na viganja viwili vimenyooshwa, na yeye bado hajapiga hatua, bado ameshika trei kwa mikono miwili, anatazama chini, anaona mto mwekundu ulivyobonyea mahali ambapo baada ya kitambo kidogo atapiga magoti, na utakuwa bado una joto la magoti ya mdogo wake...