Mashine Isiyotaka Kubeba Maua

Mashine ya kahawa ilikuwa imetua juu ya meza ya chakula kama mgeni aliyekuja kulala siku moja akasahau kwao. Ilikuwa pipa nene la shaba lililolazwa, na kifuani mwake ulichomoza mkono mrefu wa chuma wenye kishikio cha mti mweusi. Nesi, ambaye meza ilikuwa yake, na mume aliyeileta mashine pia alikuwa wake, aliikata jicho kila alipopita na sahani, kwa kuwa tangu iwasili nyumba nzima ilikuwa ikila chakula mapajani.

"Mume wangu," alisema, "huyu mke mwenza uliyeniletea anaondoka lini?"

"Mke mwenza gani hali wala havai?"

"Hali? Amekula meza yangu nzima, na sasa anaanza viti!"

Mume alicheka kimyakimya, akaendelea kufungua skrubu. Watu walimwita Fundi, wala hawakuongeza neno, maana alitengeneza vyerehani tangu ndevu zake hazijaota hadi zilipoota zikawa nyeupe. Sasa alikuwa amestaafu. Lakini mikono haina habari ya kustaafu, na asubuhi huamka kabla ya mwenyewe ikitafuta cha kufanya.

Mashine ilikuwa ya baba mkwe wake. Kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa na mkahawa wa pembeni mwa barabara, na humo mlikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: aliyetosheka hukilaza kikombe kifudifudi juu ya kisahani, anayetaka tena hukiacha kimesimama. Mzee hakumuuliza mteja neno. Alitazama vikombe. Fundi mwenyewe, enzi za ujana wake, alikisimamisha kikombe mara nyingi mno jioni moja, huku macho yake yakimfuata binti aliyekuwa akifuta meza, hata mzee akamjia na kumwinamia sikioni: "Kijana, unataka kahawa au unataka binti yangu? Maana kahawa imekwisha." Mola akajaalia, ikawa ndoa.

Miguu ya mzee ilipochoka, mkahawa ulifungwa, naye akahamia chumba cha nyuma nyumbani kwa bintiye. Alitunzwa kama yai. Ila kahawa aliyopewa ilikuwa ya unga wa kopo, naye aliipokea kama mgonjwa apokeavyo dawa: hunywa funda moja, hushukuru kwa adabu, kisha hukilaza kikombe kifudifudi. Hakulalamika hata siku moja. Na kule kutolalamika kwake ndiko kulikomchoma Fundi moyo.

Sasa akatokea shemeji. Huyu alikuwa mdogo wake Nesi, dalali kwa kazi na kwa maumbile. Angeweza kumuuzia samaki maji. Alikuja na habari kwamba hoteli moja inaitaka mashine.

"Wataiweka mapokezi, Baba," alisema kwa furaha. "Wageni wakiingia tu, hiyo hapo inang'aa! Juu yake wanapanga maua."

"Maua?" mzee aliuliza.

"Maua."

"Na kahawa?"

"Kahawa watapikia kwingine, Baba. Hii si imekufa?"

"Haijafa, shemeji," Fundi alidakia. "Imelala."

"Shemeji yangu, hata maiti amelala."

Mzee aliinua kidole. "Jumamosi," alisema, "mtanipa kikombe kimoja kutoka kwenye mashine hiyo. Nikikisimamisha, inabaki hapa. Nikikilaza, ikabebe maua. Neno langu limekwisha."

Basi Fundi akaingia kazini kama bwana harusi. Aliitoa bisibisi yake ya zamani, akasema bismillahi, akaichambua mashine kipande kipande juu ya gazeti. Ndani ya pipa mlikuwa na gamba la chokaa gumu kama ganda la kobe. Alililoweka kwa siki hadi likalegea, na nyumba nzima ikanuka kachumbari. Aliusugua mfereji wa mvuke kwa waya, akahakikisha vali ya usalama inapumua. Kisha akafika kwenye roho ya mashine: silinda iliyo chini ya mkono, ambamo mna pistoni na springi nene kuliko kidole gumba. Ukivuta mkono chini, springi hujikunja na maji moto huingia. Ukiuachia taratibu, springi hunyooka, pistoni ikayasukuma maji yapite katika unga wa kahawa. Mpira uliozunguka pistoni ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Fundi alinunua mipira miwili, kwa kuwa fundi anayenunua mmoja huenda dukani mara mbili. Akaivika pistoni mpira mpya. Na kabla ya kuirudisha mahali pake, mkono wake ukajinyoosha wenyewe, ukachukua kichupa cha mafuta, ukaipaka. Yalikuwa mafuta yale yale aliyovipaka vyerehani maisha yake yote.

Ijumaa alasiri mashine ilikuwa nzima, inang'aa hata Nesi akajitazama humo na kutengeneza mtandio wake. Maji yakachemka. Fundi akaujaza unga katika chujio lenye mpini, akaukandamiza, akavuta mkono, akauachia. Ukapanda polepole kama mtu anayeinuka kutoka swala, na chini yake kahawa ikashuka nyembamba, nyeusi, yenye povu la rangi ya asali.

"Alhamdulillahi!" Fundi alipaza sauti. "Onja, mama."

Nesi alionja. Uso wake ukafanya safari ndefu.

"Vipi?"

"Mume wangu, hiki ni cherehani."

"Cherehani gani tena?"

"Cherehani! Nimemeza cherehani, na mguu wake na sindano yake!"

Fundi akachukua kikombe, akanusa. Hakusikia kitu. Akanusa tena, pua ikakaribia kuzama. "Mimi nasikia kahawa tupu."

"Utasikiaje? Hiyo ni harufu yako mwenyewe! Umeibeba tangu siku ya kwanza niliyokuona. Nyani haoni..." Akasita. "Malizia mwenyewe, mimi nina heshima zangu."

Fundi aliketi kitako. Alikitazama kichupa cha mafuta kilichokaa mezani kikimwangalia bila haya, akaelewa. Akafungua silinda upesi, na humo akaukuta msiba wa pili: mpira mpya ulikuwa umeyanywa mafuta ukavimba kama maandazi. Asingeugundua leo, kesho pistoni ingekwama mbele ya mzee, na maua yangepata kiti.

"Usikae kama uliyefiwa," mkewe alimwambia, sasa sauti yake imelainika. "Nilikupenda na harufu yako. Kwenye shati. Si kwenye kikombe."

Alitoka, akaenda kwa jirani yao fundi bomba, akarudi na kikopo cha grisi nyeupe isiyo na harufu, ile ipakwayo kwenye mifereji ya maji ya kunywa. Fundi akaosha kila kipande kwa maji moto na sabuni, na Nesi akawa mkaguzi: anapewa kipande, ananusa, anatikisa kichwa, kinarudi kwenye beseni. Springi ilirudishwa mara nyingi hata Fundi akaapa inamcheka. Hatimaye vyote vikapita. Mpira wa pili ukavikwa, ukapakwa grisi kidogo tu, na kichupa cha mafuta kikafungiwa kabatini, ufunguo akaushika mkewe.

Jumamosi shemeji aliwasili na gari la mizigo na kamba mpya ya nailoni begani.

"Kamba ya nini na kahawa hujaonja?" dada yake akamuuliza.

"Ya tahadhari, dada. Dalali huenda sokoni na kapu."

Mzee aliletwa, akaketishwa kichwani mwa meza. Fundi alivuta mkono, akauachia, kahawa ikashuka. Akamwekea mkwewe kikombe mbele, kisha kwa shauku akavuta kiti, akaketi ubavuni pake, bega kwa bega.

Mzee akakiinua kikombe. Akasita. Pua zake zikatanuka.

"Mkwe," alisema taratibu, "nasikia mafuta ya cherehani."

Shemeji akaanza kuikunjua kamba.

"Weka kamba chini!" Nesi akafoka. "Baba, hiyo si kahawa. Ni mkweo! Mume wangu, hebu sogea. Sogea tena. Nenda dirishani!"

Fundi akaenda dirishani, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Mzee akanusa upya, na safari hii macho yake yakajifumba yenyewe. Akanywa funda. Akanywa la pili. Alipomaliza, alikishika kikombe kwa vidole viwili juu ya kisahani, akakizungusha kidogo, kama anayeona raha kuwatesa.

Akakisimamisha.

"Allah!" Fundi akapiga ukelele, akakumbatia pazia, maana ndilo lililokuwa karibu.

"Na wewe usikae huko dirishani," mzee alisema, "nani atavuta mkono? Kikombe hukioni?"

Fundi akarudi mbio. Akamwekea na shemeji, ambaye alikunywa akiwa amenuna, akafika nusu, uso ukafunguka, akaimaliza. Kisha, akijua wote wanamtazama, akakiacha kikombe kimesimama.

"Basi hoteli nitawatafutia kitu kingine," akanung'unika. "Hamna pasi ya mkaa humu ndani?"

"Hatuna," Nesi akajibu, huku akiiokota kamba ya nailoni sakafuni. "Ila hii inabaki. Kamba yangu ya kuanikia imekatika. Na meza yangu, Fundi, naitaka kabla ya chakula cha usiku!"

"Kikombe kwanza," mzee akasema.