Maji ya Tenke

Séraphin alifika asubuhi na mkokoteni, akausimamisha mbele ya nyumba ya dada yake. Hakuingia ndani. Siku iliyotangulia vijana wa chama kilichotaka watu wenye asili ya Kasai waondoke Katanga walikuwa wamepita katika mtaa huo wa wafanyakazi wa mgodi, pale Kolwezi, wakichora msalaba wa chokaa kwenye kila mlango wa Mkasai. Mlango wa Adolphine nao ulikuwa na msalaba.

"Toa bitu byako, tuende," alisema Séraphin. "Weye habakufukuzi. Banafukuza bwana yako."

"Na Jocelyne?"

"Mutoto ni wa baba yake."

Adolphine Ngoy alikuwa Mluba wa Katanga, mzaliwa wa Bukama, akifundisha wanawake kushona. Muteba, mumewe, karani wa bohari ya mgodi, aliitwa Mkasai ingawa hakuwahi kukanyaga Kasai. Babu yake aliletwa na Wabelgiji kuchimba shaba. Baba yake alizeekea kwenye mashine zilezile. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi. Lakini mwaka huo wa 1993 mashine zilikuwa zimesimama, mashimo yalikuwa yakijaa maji, na kila kilichoharibika kilisemwa kuwa ni kazi ya Wakasai. Waliitwa bilulu, wadudu.

Adolphine aliingia ndani, akatoka na cherehani yake, akaipakia kwenye mkokoteni.

"Tusukumie mpaka ku gare," alimwambia kaka yake.

Séraphin aliufunga mzigo kwa kamba. Kisha akasukuma, Muteba na Jocelyne wakifuata nyuma. Walipofika stesheni aliteremsha mizigo, akamshika Jocelyne kichwani, akageuza mkokoteni, akaondoka.

Walikaa stesheni majuma matatu, chini ya turubai, pamoja na maelfu ya wengine. Huko ndiko Adolphine alipojua kwamba hata upande huu hakuwa na mtu wake. Akikaribia, wanawake walimgeuzia mgongo. Mama mkwe wake, mama Tshibola, aliyekuwa hajamkubali tangu siku ya ndoa, alimpa chakula baada ya watu wote. Tharcisse, seremala aliyelala turubai la jirani, alisema kwa sauti ili asikike: "Bakatanga banatufukuza, na mwanamuke wabo tuko naye hapa, anatuchunguza."

Mwishowe treni ilikuja, mabehewa ya mizigo matupu. Walipanda watu themanini katika behewa moja, wakaenda mpaka kituo cha Tenke, na hapo kichwa cha treni kikafunguliwa na kupelekwa kwingine. Hakuna aliyesema kitarudi lini.

Ulikuwa mwezi wa tano, mvua zimekwisha, na bati la behewa lilichoma mkono. Siku ya kwanza walimaliza maji waliyokuwa nayo. Siku ya pili mtoto wa behewa la nyuma alifariki, wakamzika kando ya reli kwa koleo la kuazima. Bomba la maji lilikuwepo, hatua ishirini tu kutoka pale, lakini vijana sita wenye fimbo na mapanga walikuwa wamelikalia. Na tena kulikuwa na uvumi, waliotoka nao Kolwezi: Wakatanga wanatia sumu katika maji ya Wakasai.

Jocelyne, mwenye miaka tisa, aliacha kulia mchana wa siku hiyo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Adolphine alipoona ameacha kulia, alichukua bidoni, dumu lao la maji, akashuka.

"Adolphine!" aliita Muteba. "Batakuua!"

Hakugeuka. Alitembea polepole kama mwanamke aendaye kuteka maji kwao. Kijana mrefu wa kundi lile akanyoosha fimbo na kumzuia kifuani.

"Weye ni wa wapi?"

"Wa Bukama."

"Jina?"

"Ngoy."

"Sema kwa Kiluba, tusikie."

Alisema. Alitaja kijiji cha baba yake, jina la chifu, kivuko cha Lualaba alikoogelea utotoni. Sauti yake haikutetemeka.

Kijana akashusha fimbo kidogo. "Sasa mutoto wa Bukama anatafuta nini ku treni ya bilulu?"

Watu walikuwa wamejaa milangoni mwa mabehewa nyuma yake. Alijua wanasikia.

"Nabauzishia mayi," alisema. "Bilulu biko na kiu. Bitanunua."

Vijana wakaangua kicheko. Naye akacheka. Ilimbidi acheke mpaka bidoni lijae, na kila tone lilionekana kuchelewa kwa makusudi.

Alipofika mlangoni mwa behewa hakuna mkono uliomsaidia kupanda.

"Tumesikia," alisema Tharcisse. "Umetuita bilulu. Na umecheka nabo. Batu, musikunywe ile mayi!"

Adolphine alijimiminia kikombe, akanywa chote mbele yao.

"Anajua dawa ya ile sumu," mtu akasema.

Akajaza cha pili, akampelekea Jocelyne. Hapo mkono wa Muteba ukatangulia, ukafunika kinywa cha kikombe. Ulikaa hapo kitambo kidogo tu, pumzi mbili au tatu. Adolphine alimwangalia mumewe machoni, na Muteba akaangalia chini.

"Leta hapa," ilisema sauti kutoka pembeni.

Mama Tshibola alikuwa amejiinua kwa kushikilia ubao wa behewa. Alichukua kikombe kwa mikono miwili.

"Mi ni muzee," alisema. "Kama ni sumu, ianze na mi."

Akanywa, akafuta midomo, akaketi wima huku watu wote wakimkodolea macho. Nzi walivuma. Baada ya muda alimgeukia Tharcisse kwa hasira: "Unangojea nianguke? Mupe mutoto mayi!"

Jocelyne alikunywa, akatapika, akanywa tena. Watoto wengine wakaletwa. Bidoni likaisha kabla ya kufika nusu ya behewa, na Adolphine akashuka tena. Siku hiyo alikwenda bombani mara tano. Kila mara vijana walimuuliza biashara inaendeleaje, na kila mara alilitamka lile neno na kucheka. Mara ya tano alirudi akasugua midomo kwa ncha ya kitenge, ingawa hakuwa amekunywa.

Kichwa cha treni kilirudi kesho yake. Walisafiri siku nne, wakavuka Bukama bila kusimama. Huko Mwene-Ditu, katika Kasai, watu wa parokia waliandika majina ya waliofika. Mwandishi alipofikia jina la Ngoy aliinua kalamu.

"Huyu naye? Ni Mukatanga."

Muteba alianza kueleza. Mama Tshibola akamkata: "Andika. Ni mutoto yangu."

Mwandishi akaandika.

Mchana, Muteba alimfuata mkewe aliyekuwa akimwogesha Jocelyne nyuma ya kanisa.

"Pale Tenke," alianza, "niliogopea mutoto."

"Najua," alisema Adolphine. "Mi nilishuka sababu yake."

Alimkabidhi ndoo tupu. Muteba akaenda kuijaza, na alipoileta, Adolphine aliipokea, akaendelea kumsugua mtoto mgongo. Ilipita mwezi mzima kabla Adolphine hajamwita tena mumewe kwa jina.