Mkono Uliotoka Laos

Ndugu yangu Leshan alirudi kutoka Laos siku ya Jumatano, na kabla hajaweka mkoba wake chini alikuwa ameshamtusi binti yangu. Kuna watu watakuambia hakumtusi. Wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na panga la kukatia mifupa lilikuwa mkononi.

Niko na bucha hapa Kitengela, karibu na barabara ya Namanga. Naisenya, binti yangu wa pekee, alikuwa kaunta akinisaidia kufunga nyama, kwa sababu harusi yake ilikuwa Jumamosi na nilitaka awe karibu nami siku hizo za mwisho. Kumwona mjomba wake mlangoni tu, akatoka mbio, akasimama mbele yake na kuinamisha kichwa. Sisi Wamaasai ndivyo tunavyoamkiana. Mdogo anainama, mkubwa anamwekea mkono kichwani, ndipo maneno mengine yanafuata. Hata mtoto anayejifunza kutembea anajua. Leshan akarudi nyuma. Akaunganisha viganja vyake chini ya kidevu, akatabasamu, akatoa salamu ya huko Laos, "Sabaidi."

Msichana wangu akabaki ameinama pale, wateja wakimwangalia.

"Leshan, weka mkono," nikamwambia.

"Dada, siwezi."

"Huwezi? Kwani umekatwa?"

"Ngoja nikueleze."

"Utaeleza baadaye. Shingo ya mtoto inauma."

Hakuweka. Naisenya akainuka mwenyewe, macho yamejaa machozi, akarudi kwa mizani akamwuliza mteja kama anataka na maini. Mimi nilikata ule mfupa uliokuwa mbele yangu mpaka ukawa unga.

Nieleze mambo yaeleweke. Baba yake Naisenya alishafariki. Mimi sina ndugu mwingine ila huyu Leshan. Na kwetu, msichana akiolewa, mjomba wake upande wa mama ndiye anayemwekea mkono na kumwachilia. Mimi ni Mkristo, naimba kwaya, sichezi na mambo ya giza. Lakini muulize mama yeyote Kajiado kama anaweza kumtoa binti yake bila mkono wa mjomba. Atakuambia heri harusi ingoje. Ndoa ikiyumba, mimba ikiharibika, watu wote wataanza kuhesabu kutoka siku ile mjomba alikataa. Na msichana mwenyewe pia atahesabu.

Sasa, Laos. Leshan ni mwongozaji wa watalii huko Kimana. Miaka nenda miaka rudi amekuwa akiwaleta wageni kwenye maboma yetu, wanapiga picha, wanaruka na morani, wanaondoka. Mwaka huu akaamka na wazo. "Kila siku mimi ndio naangaliwa," akaniambia. "Na mimi nataka kwenda mahali nikaangalie." Nikafikiri ni mzaha. Kumbe ana pasipoti mfukoni! Akaondoka wiki zilezile ambazo wazazi wa Austin, kijana anayemwoa Naisenya, walikuwa wanasafiri kutoka Bungoma kuja kuzungumza nasi. Nikawapokea peke yangu, kama mwanamke aliyeokotwa. Mzee wao akauliza kwa upole, "Na ndugu zako wako wapi, mama?" Nikasema yuko safari. Sikuthubutu kusema ameenda kuangalia mahekalu.

Basi Jumatano hiyo, bucha ilipotulia, Leshan akatoa simu anionyeshe picha. Mahekalu yenye mapaa yaliyopandana, dhahabu kila mahali, viatu vimepangwa nje kwa sababu hakuna anayeingia navyo. Wanawake wamepiga magoti barabarani alfajiri, na watawa wa mavazi ya rangi ya chungwa wanapita kimya, kila mwanamke anatia donge la wali kwenye bakuli la mtawa. Mashamba ya mpunga. Nyati wa kulima wamelala kwenye tope. Nyumba za mbao zimesimama juu ya nguzo, watu juu, kuku na ng'ombe chini.

"Ulienda mpaka Asia kuangalia watu wakipanda mpunga," nikamwambia. "Si ungeenda Mwea urudi jioni?"

"Dada, kule kuna heshima. Kuna utulivu. Nililala kwa familia ya wakulima, tulikula chini kwa mkeka..."

"Na ng'ombe chini ya nyumba. Sisi tukilala na ndama, wewe ndiye unawaambia wageni wasishtuke na harufu. Kule uliambiwa ni utulivu?"

Akarudisha simu mfukoni. Nikaona kwenye kifundo cha mkono wake nyuzi nyeupe za pamba, zimefungwa moja juu ya nyingine, zimeshaanza kuchafuka. Nikamwuliza hizo ni za kanisa gani.

Hapo ndipo akaeleza. Kwenye hiyo nyumba ya wakulima kulikuwa na mjukuu, msichana mdogo. Kule, mtoto akipita mbele ya mtu mzima anajikunja, anapita ameinama, ndiyo adabu yao. Basi siku moja Leshan ameketi kwenye mkeka, mtoto akapita mbele yake ameinamisha kichwa. Na ndugu yangu, mtoto wa mama yangu, akafanya kile ambacho Mmaasai yeyote angefanya. Akamwekea mkono kichwani, akamwamkia.

"Bibi ya yule mtoto alipiga kelele," Leshan akasema. "Kule kichwa hakiguswi, dada. Ndipo roho ya mtu inakaa. Ukishika kichwa cha mtoto wa wenyewe, umemdharau yeye na ukoo wake wote. Mtoto alilia. Mimi sikujua nitazame wapi."

"Wakakufukuza?"

"Hapana. Wakaita wazee. Wakaketi, wakaomba, wakamfunga mtoto nyuzi ili roho yake itulie. Halafu wakanifunga na mimi. Walinifunga huku wanatabasamu. Lakini tangu siku ile, nikiona kichwa kimeinama, mkono wangu unakufa. Siwezi. Naona yule bibi."

Wengine hapo wangemwonea huruma. Mimi nilipandwa na hasira nikasikia masikio yanawaka.

"Kwa hivyo wenye kichwa walikusamehe," nikamwambia, "halafu ukapanda ndege kuja kutuadhibu sisi. Mwacha mila ni mtumwa, Leshan. Wewe hata hukununuliwa, umejiuza mwenyewe."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema! Jumamosi utaweka huo mkono. Usipoweka, usikanyage kwangu tena, na nikifa usije kunizika."

Akaondoka bila chai. Naisenya alikuwa amesikia kila kitu kutoka kwenye friji kule nyuma. Alikuja akaniuliza, "Yeyo, kwani Apu ananichukia?" Yeyo ni mama, Apu ni mjomba, kwa Kimaasai. Nikamwambia ukweli niliokuwa nao siku hiyo. Nikamwambia mjomba wako anamheshimu mtoto wa Laos kuliko wewe, kichwa chako hakimtoshi. Nikamwambia tena Alhamisi tukikunja shuka, na Ijumaa nikimvalisha shanga kujaribu. Kama kuna mama angenyamaza, mimi siye.

Jumamosi tulikuwa nyumbani Kajiado, boma la marehemu mume wangu. Mchungaji alikuwa amemaliza sehemu yake. Gari la Austin lilikuwa langoni na maua mbele. Mzee Metito, anayesimamia baraka za ukoo wetu, alikuwa na kibuyu cha maziwa kilichozibwa kwa nyasi mbichi. Akaomba, na sisi tukaitikia amina yetu, "Naai!" Kisha akasema, "Mjomba aje."

Leshan akaja. Alikuwa amevaa shuka nyekundu, nyuzi zake bado mkononi. Watu wakasogea karibu waone, maana Kitengela na Kajiado ni karibu na habari ilikuwa imefika kabla yetu. Nikamwona anavuta pumzi. Nikamwona anainua mkono, polepole, lakini unapanda. Nami nikasema moyoni, asante Mungu, mjinga huyu amepata akili.

Naisenya hakuinama.

Alisimama wima na shanga zake zote, akamtazama mjomba wake usoni, akanyoosha mkono wa kulia amsalimie kama mtu aliyekutana naye benki. "Asante kwa kuja, Apu," akasema.

"Naisenya, inama!" nikamwambia. Hakusonga. Nikamshika shingo nyuma, mbele ya wakwe, nikamsukuma kichwa chini. Shingo ikakaza. Alishika mkono wangu akautoa, bila nguvu nyingi, akaniambia kwa sauti ambayo kila mtu alisikia, "Yeyo, si wewe ulisema kichwa changu hakimtoshi?"

Leshan akaupokea ule mkono aliopewa, akausalimia, akauachilia. Mama yake Austin akajifanya anatafuta kitu kwenye kibeti. Mzee Metito akatazama jua, akasema gari liende kabla hatujaharibu mengine.

Kwetu, bibi harusi akishatoka hageuki. Akigeuka anakuwa jiwe, ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna msichana amejaribu. Naisenya alitembea kwenda langoni taratibu, shanga zikilia, uso mbele. Leshan akachukua kibuyu kutoka kwa mzee bila kuomba ruhusa. Akamfuata kwa nyuma. Akawa anamnyunyizia maziwa mgongoni kwa zile nyasi, matone madogo tu, sidhani aliyasikia na nguo zote zile. Mkono wa pili ulikuwa juu, hewani, nyuma ya kichwa chake, haukumgusa. Na alikuwa anaomba. Aliomba kwa Kimaasai cha zamani ambacho sikujua bado anakikumbuka: uwe mpana kama mlima, uzae, ulee, mvua ikufuate, Enkai, Mungu wetu, ikushike pale mimi nimeshindwa. Alilia akiomba, mwanaume mzima, kamasi mpaka kwenye ndevu. Sisi tuliokuwa karibu tukaitikia, "Naai," hata mimi mdomo uliitikia kabla sijauzuia.

Msichana akaingia garini bila kugeuka. Matarumbeta ya vijana tuliowaleta kutoka Kitengela yalikuwa yameshaanza, na sauti ya Leshan ikafunikwa.

Jioni simu ikalia. Naisenya alikuwa amefika kwa mumewe. Akaniuliza kama wageni wameshiba, kama ng'ombe wamekamuliwa, maneno ya kuzunguka tu. Halafu akashusha sauti.

"Yeyo, nilisikia kama mtu ananifuata nyuma, lakini singeweza kugeuka. Ni Apu? Alisema kitu?"

Leshan alikuwa ameketi hapo nje kwenye kigoda, ameshika kikombe cha chai ambacho hakuna mtu aliyemwongezea. Nilimwona kupitia mlango. Nikakumbuka bucha, na wateja, na mtoto wangu ameinama.

"Hakusema kitu," nikamwambia. "Lala, mama."