Benchi Kando ya Mfereji

Kompyuta iliniuliza kama nataka ramani mpya ikae mahali pa ile ya zamani. Waya ulitoka kwenye kompyuta ukaingia kwenye kile kifaa cha baiskeli cha kuonyesha njia, kidogo kama kipande cha sabuni, na mkono wangu ukabaki juu ya meza, umekauka.

"Bonyeza ndiyo, shemeji," akasema Hylke, mdogo wa mume wangu. "Haing'ati."

"Ile ya zamani itakwenda wapi?"

"Itafutika. Hicho kifaa kina tumbo dogo, si kama langu hili. Hakibebi mbili."

Ile ya zamani aliiweka mume wangu, Wybren, mwisho wa kiangazi, kwa vidole vyake mwenyewe. Nilikuwa kama naambiwa nimfute. Lakini benchi la mwisho alilolichora lilikuwa kwenye ile mpya, nami nililitaka hilo benchi kuliko kitu chochote kilichobaki humu duniani.

Ramani zenyewe ni za bure. Hakuna anayeziuza, hakuna anayeziita zake. Wanaozichora ni watu kama sisi, kila mmoja kwenye meza ya jikoni kwake: huyu kaweka njia ya miguu, yule kaweka geti la ng'ombe, halafu kila mwezi wapo wanaokusanya yote na kuyatoa kwa namna inayosomeka kwenye vifaa vya waendesha baiskeli. Upande wetu huu wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, aliuchora Wybren. Miaka mingi. Madaraja, vivuko, mabomba ya maji ya kunywa, na mabenchi, maana alisema mtu akishapita hamsini, ramani isiyo na mabenchi haimfai kitu.

Jumapili hakuchora. Na siku nyingine zote hakuweka kitu ambacho mtu hajakitia machoni. Hylke alimjia siku moja na habari za njia nzuri nyuma ya kiwanda cha maziwa.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeambiwa, kaka. Na mtu mwaminifu."

"Basi mwambie huyo mwaminifu aje anywe kahawa hapa, aniambie mwenyewe."

Ndivyo alivyokuwa. Hata mimi nikitoka dukani nikamwambia siagi imepanda bei, aliniuliza vilevile, umeona mwenyewe, halafu anacheka.

Vuli ile mapafu yake yakakataa. Akawa anakaa dirishani na blanketi magotini, baiskeli yake imeegemea ukuta wa banda, na mimi ndiye niliyetoka. Sikusoma zaidi ya shule ya msingi, na mambo ya kompyuta niliyatazama tu nikiwa nyuma ya bega lake, lakini macho Mungu alinipa. Nilizunguka, nikaangalia, nikarudi nikamsimulia. Naye akachora.

Asubuhi moja ya baridi kali nilirudi na habari ya benchi. Lilikuwa kando ya mfereji, mbele kidogo ya kile kinu cha upepo kibovu, mahali ambapo matete yanafunguka na mtu anayaona maji mpaka mbali.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimelikalia. Makalio yangu yameganda, bado hayajapata habari kwamba nimefika nyumbani."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikalazimika kumwinamisha. Alipotulia, akalichora. Nukta moja tu, ila mkono ulikuwa unatetemeka na kazi ile ikamla alasiri nzima. Mara iangukie majini, mara kwenye shamba la mtu. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia.

"Ramani mpya ikitoka," akasema, "tutaipakia, twende tukanywe kahawa pale."

"Twende," nikasema.

Alijua, nami nilijua. Tulimzika kabla ramani haijatoka.

Basi nikabonyeza ndiyo. Ule mstari wa kijani ukatambaa taratibu kwenye kioo, ukafika mwisho, na Hylke akanionyesha namna ya kuuchomoa waya bila kukiumiza kifaa. Nikakiwasha. Nikaisogeza ramani kwa kidole, nikapita kijiji, nikapita kinu, nikaliona. Kialama kidogo cha kahawia kando ya rangi ya buluu. Nikakifunika kioo kwa kiganja, kama mtu anayezuia upepo usizime mshumaa. Hylke akainuka akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Baada ya Pasaka upepo ulilegea. Nikajaza kahawa kwenye chupa, nikakata vipande viwili vya mkate wa sukari, viwili kwa mazoea, nikakifunga kifaa kwenye usukani. Njia ile naijua tangu utotoni, lakini siku hiyo nilifuata mstari wa kifaa tu, nikageuka kilipolia, kama mgeni. Kikalia mara ya mwisho. Kwenye kioo nilikuwa nimefika.

Nikainua macho. Ukingo wa mfereji ulikuwa umejengwa upya, mbao mpya, udongo umeshindiliwa na nyasi ndiyo kwanza zinachipua. Benchi halikuwapo. Nilitembea mbele, nikarudi nyuma, nikatafuta kwa miguu kama mtu aliyedondosha pete. Nikarudi nyumbani na mkate wangu.

Nilipitia kwa Hylke nikamwambia.

"Liache," akasema papo hapo. "Ni kitone tu, shemeji. Kinamdhuru nani?"

"Mtu aliyechoka."

"Akikuta halipo atakaa chini. Nyasi zipo." Kisha akashusha sauti. "Ni kitu chake cha mwisho."

"Najua, Hylke."

"Basi Mungu atakusamehe. Benchi moja!"

"Mungu si tatizo. Wybren ndiye atakayeniuliza."

Akanimiminia kahawa.

Jumapili nilikaa kanisani mahali petu, na wakati wa Zaburi nikamwona akilini mzee mmoja akija kwa baiskeli kwenye ule ukingo, mapafu yakipiga filimbi, anatazama kifaa chake na kujiambia, bado kidogo, benchi liko mbele. Simjui mzee huyo, lakini kikohozi chake nilikuwa nakijua.

Jumatatu nikakaa kwenye kiti cha Wybren. Sikutaka kutumia jina lake. Nikajiandikisha kwa langu, Tjitske, polepole, herufi kwa herufi. Nikalitafuta benchi, nikaligusa, nikalifuta. Ramani haikubali hivihivi. Inataka uandike sababu, ili watu wote waione. Kisha nikaandika:

Benchi halipo. Nimeona mwenyewe.

Ramani ya mwezi uliofuata niliipakia peke yangu. Iliponiuliza kama nataka mpya ikae mahali pa ya zamani, nikabonyeza. Nikaenda mpaka pale, ambapo sasa kioo kinaonyesha maji na ukingo basi. Nikashuka, nikaiegemeza baiskeli kwenye nyonga, nikanywa kahawa nimesimama.